Msiihukumu bodi haraka
Kompyuta iliyogoma kuwaka baada ya kuongezewa RAM mara nyingi haijafa, na inaniuma kuona mteja akiuziwa bodi mpya kabla hata kipande hicho cha RAM hakijachomolewa na kurudishwa. Kata umeme kwanza. Kibonyeze mpaka vishikizo vibane. Kikikataa kuingia, usilazimishe, huenda si aina ya bodi hiyo: RAM ya DDR3 hutumia volti 1.5, DDR4 volti 1.2, na pengo la kila moja liko mahali pake. Rudisha kile cha zamani peke yake, uone. DDR5 nayo inataka subira, maana ikiwashwa mara ya kwanza mashine huipima, kioo kikabaki cheusi hata dakika kadhaa, na fundi anayeizima hapo anaukatiza upimaji wenyewe.