Daftari la Wengi Lisikae Mfukoni mwa Mmoja



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulisomea ualimu, tukafundisha watoto kujumlisha na kutoa kwa miaka mingi, na methali hiyo tumeiandika ubaoni mara nyingi. Hata hivyo, hatukuielewa sawasawa mpaka siku tulipoitwa kusuluhisha ugomvi wa kikundi kimoja cha akina mama wauza ndagaa hapa Baraka.

Akina mama hao ni ishirini na wanne. Hununua ndagaa kwa wavuvi wa Ubwari, huwaanika, kisha huwauza sokoni Baraka au huwapandisha milimani hadi Fizi. Kila juma hutia akiba katika sanduku, hukopeshana kwa zamu, na mwisho wa mwaka hugawana. Hesabu yote iliandikwa katika kaye moja, nayo ilikaa nyumbani kwa mweka hazina, karibu na ziwa. Maji ya Tanganyika yalipopanda, jinsi sisi sote wa pwani hii tangu Uvira hadi Kalemie tulivyoyaona yakiingia majumbani katika miaka hii, kaye ile ililowa. Kurasa zilishikamana, na kila aliyejaribu kuzibandua alizichana. Siku ya kugawana ilipofika, kila mmoja alikuja na hesabu ya kichwani mwake, na jumla ya hesabu za vichwani ilizidi fedha zilizokuwemo sandukuni.

Hakuna aliyeiba. Twalisema hilo kwa sababu tuliketi nao siku tatu, tukiuliza malipo baada ya malipo, na kila tofauti tuliyoifuatilia tulikuta imetokana na kusahau. Lakini kabla ya siku hizo tatu kwisha, mweka hazina alikuwa amekwisha kuitwa mwizi mbele ya watoto wake.

Kikundi kikatafuta dawa. Kijana wa mmoja wao, aliyemaliza masomo ya sekondari, alijitolea kuweka hesabu katika jedwali la intaneti kwa telefone yake. Kwa miezi mingi mambo yalikwenda vizuri. Kila Jumamosi aliwasomea jumla, nao wakashangilia. Kisha kijana akaenda Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Huko telefone ilipotea pamoja na kadi yake ya SIM, na neno la siri hakulikumbuka tena. Hesabu za akina mama hazikufutika. Ziko salama, nzima, mahali fulani mbali kabisa na ziwa letu, nyuma ya mlango uliofungwa, na wenyewe wako nje.

Kaye iliyolowa na jedwali lililofungwa vina kosa moja: kumbukumbu ya watu ishirini na wanne ilitiwa mkononi mwa mtu mmoja. Ndiyo maana twataka kusema wazi kwamba programu hizi za ofisi za intaneti zafaa kuingia katika biashara zetu ndogo, tena zimechelewa. Lakini zikiingia kwa mtindo uleule wa kaye ya zamani, zitatuumiza kuliko kaye.

Kwa wasiozijua, tueleze kidogo. Zamani programu ya kuandika na ya kuhesabu ilikaa ndani ya ordinateri moja, na aliyetaka kuona hesabu alipaswa kuifikia ordinateri hiyo. Siku hizi hati yenyewe hutunzwa katika mashine kubwa za kampuni, nasi huifungua kwa telefone yoyote yenye intaneti. Google ilianza kutoa hati na majedwali ya namna hiyo mwaka 2006. Microsoft ilileta Office 365 mwaka 2011. Zoho ya India nayo hufanya kazi hiyohiyo. Watu watatu waweza kufungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Mwenye hati huamua nani aandike, nani atoe maoni, nani asome tu. Zaidi ya hayo, kila mmoja akiingia kwa akaunti yake mwenyewe, programu hukumbuka nani alibadili tarakimu gani, siku gani na saa gani. Mwalimu ataelewa upesi. Mwanafunzi akifuta kwa gomu, twaona karatasi imechakaa, lakini hatuoni alichokifuta. Hapa kilichofutwa huweza kusomwa tena.

Kuandika hesabu ili mwingine aweze kuikagua si jambo geni kwa Wakristo. Mwaka 1494, mjini Venice, mtawa Mfransisko Luca Pacioli alichapisha kitabu cha hisabati ambamo alieleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila tendo mara mbili, upande wa deni na upande wa haki. Hakuibuni njia hiyo. Aliitoa katika vyumba vya wachache na kuifanya isomeke na wengi. Wala jambo hili si geni kwa lugha yetu. Mwaka 2004 kazi iliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizaa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliyotolewa bila malipo. Basi anayetuambia kwamba mambo haya ni ya wajuao Kifaransa na Kiingereza peke yao, amechelewa kwa miaka 20 na zaidi.

Sheria nayo yatudai. Nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012, na sheria ya biashara ya umoja huo humtaka hata mfanyabiashara mdogo kabisa aliyejitangaza kuandika siku kwa siku fedha zilizoingia na zilikotoka, fedha zilizotoka na zilikokwenda, na kulitunza daftari hilo kwa miaka 5 angalau. Miaka 5! Tujiulize kwa unyofu: ni nani katika Fizi aliyeweza kutunza karatasi yoyote kwa miaka 5 bila kukimbia nayo? Wengi wetu tulivuka ziwa kuelekea Kigoma mwaka 1996, na wengine miaka iliyofuata, tukarudi bila hata cheti cha ubatizo. Kwa watu wenye historia kama yetu, hesabu isiyolowa, isiyoungua na isiyohitaji kubebwa kichwani wakati wa kukimbia si anasa.

Kuna na faida za kila siku. Biashara zetu zina miguu miwili: mmoja Baraka, mwingine Fizi au Uvira. Mama aliyepanda mlimani na magunia akiandika mauzo yake, aliyebaki pwani ayaona jioni ileile, wala hangoji mjumbe wa pikipiki. Twauza kwa faranga na kwa dola, na kiwango hubadilika. Jedwali lenye safu mbili na kiwango cha siku hiyo hukomesha mabishano mengi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofunga milango ya benki za Goma na Bukavu, tuliona jinsi fedha za telefone zilivyobaki kuwa tegemeo la watu. Fedha ikitembea kwa telefone, hesabu yake yaweza kutembea pamoja nayo.

Sasa tusikilize wanaopinga, kwa maana hawasemi upuuzi. Mzee mmoja, alipoelezwa kwamba hesabu hukaa katika kile kinachoitwa wingu, alituuliza: na wingu hilo likinyesha, hesabu yetu itaangukia shamba la nani? Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu swali lake ni la haki. Wingu ni mashine za watu wengine, katika nchi nyingine, chini ya masharti ambayo karibu hakuna anayeyasoma. Twatumia bila malipo, lakini anayetupa bila malipo aweza kubadili masharti kesho. Akaunti ya bure ya Google, kwa mfano, ina nafasi ya gigabaiti 15. Kwa hesabu za kikundi ni nyingi mno, lakini kijana akijaza picha humo, akaunti itakwama.

Wengine husema kwamba mtandao hukatika na umeme ni wa plake za jua. Ni kweli. Programu za majedwali huweza kutayarishwa ili ziandike bila intaneti na kupeleka habari mtandao unaporudi. Lakini jambo hilo latakiwa kupangwa mapema, si wakati mtandao umekwisha kukatika.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama, nasi hatutaki kulipitia juu juu. Katika eneo hili telefone huweza kupekuliwa njiani na wenye silaha. Orodha yenye majina ya akina mama na kiasi cha akiba ya kila mmoja ni hatari mikononi mwao. Kwa sababu hiyo twashauri wanachama waandikwe kwa namba, na orodha ya majina ikae mahali pengine, kwenye karatasi. Anayesafiri aifunge akaunti kabla ya kuondoka, ataifungua akifika. Kanuni za Dijitali za nchi yetu za mwaka 2023 hulinda habari za watu binafsi, lakini sheria haisimami barabarani pamoja na mama mwenye magunia. Busara ndiyo husimama naye.

Na wasiojua kusoma? Hapa twaona hatari iliyo kubwa kuliko mvua na maji ya ziwa. Chombo kipya kikiingia katika kikundi, aliyekijua kwanza huwa bwana. Mama aliyeongoza biashara miaka 15 hugeuka mwombaji mbele ya kijana wa miaka 20, akimwuliza fedha zake ziko wapi. Kijana huyo aweza kuwa mwema, kama yule aliyekwenda Misisi alivyokuwa mwema. Wema wake haukuwasaidia siku telefone ilipopotea.

Basi twapendekeza haya. Akaunti iwe ya kikundi tangu siku ya kwanza, isiwe ya mtu. Neno la siri lijulikane na wawili wasiokaa nyumba moja, nalo liandikwe katika bahasha iliyofungwa, kwa mtu wa tatu anayeaminiwa na wote. Namba ya telefone ya kurudishia akaunti iwe ya mmoja wa viongozi, na siku kadi yake ya SIM inapobadilishwa, namba ibadilishwe siku hiyohiyo. Kaye ya karatasi isitupwe: iandikwe kwanza mbele ya wote, ndipo inakiliwe katika jedwali, kusudi moja ishuhudie nyingine. Na kila juma jumla isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili au Kibembe, mama kwa mama, hata kama jua limechwea. Asiyejua kusoma ajua kusikia, na akiba yake aijua kuliko ordinateri.

Tusidhani kwamba chombo kitamfanya mtu kuwa mwaminifu. Jedwali hukumbuka nani aliandika. Halijui kama aliandika kweli. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, mlei kijana aliyekuwa mtumishi wa ukaguzi wa bidhaa huko Goma, aliuawa mwaka 2007 kwa kukataa kupitisha vyakula vilivyoharibika, akatangazwa mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Hakuna programu iliyomzuia asitie sahihi, alijizuia mwenyewe. Lakini tusimwachie mtu mzigo wa kuwa mtakatifu peke yake gizani, wakati twaweza kumwashia taa. Hesabu inayoonwa na wengi humlinda mwenye sanduku kabla haijamlinda mwenye akiba.

Nasi tuungame. Daftari la michango ya chama chetu limekaa miaka sita katika mkoba wetu sisi wenyewe. Hatujachukua hata faranga moja. Lakini kama tungekufa jana, ni nani angeweza kulithibitisha? Tuliwahubiria akina mama wa ndagaa jambo ambalo hatukulifanya. Kwa hiyo tumeomba mbele ya kamati kwamba hesabu hiyo inakiliwe, ifunguliwe kwa wawili wengine, na isomwe kila mwezi baada ya mkutano.

Kuhusu akina mama wale, walianza upya. Jedwali la zamani halikufunguka, wakalisamehe, wakajenga jingine kutokana na yale tuliyoyakusanya katika siku tatu zile na karatasi walizokuwa nazo. Walipomwomba mama aliyeitwa mwizi arudi kuwa mweka hazina, alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliuliza ni watu wangapi watakaoona hesabu kila Jumamosi. Wakamjibu: sote ishirini na wanne. Akasema, basi leteni sanduku.