Betri ikikata baharini, hakuna mchezaji wa akiba

Wapenzi wa soka, leo tutoke kidogo uwanjani twende majini. Kuna mashindano yanaitwa Vendée Globe: mtu mmoja, boti moja ya matanga, anaizunguka dunia bila kusimama wala kusaidiwa. Mfaransa Charlie Dalin alishinda Januari 2025 kwa siku 64 na saa 19. Sisi dakika 120 tu tunalalamika!

Nahodha akilala, usukani hushikwa na mashine, na mashine inakula umeme. Ndiyo maana kila wati ina hesabu yake.

Mimi nasema wazi: mwenye boti ndogo anayeunganisha vipimo vya upepo, kasi na kina kwa Wi-Fi anajifunga mwenyewe. Wi-Fi ni winga anayekimbia ovyo hata mpira ukiwa upande wa pili; dakika ya 60 pumzi imekata. Bluetooth ya umeme mdogo ni kiungo mkongwe: anatulia, anapiga pasi fupi, anatulia tena. Taarifa za upepo ni namba chache tu kila sekunde, hazihitaji mbio hizo. Hata kipimo cha juu ya mlingoti kinaweza kuishi kwa kipande kidogo cha sola.

Ila tusidanganyane. Pasi zake hazifiki mbali, na boti za nyuzi za kaboni huzuia mawimbi. Kwa hiyo mashine ya usukani iacheni kwenye waya. Golikipa hafanyiwi majaribio siku ya fainali.