Uchafu wa mbwa wetu huishia wapi?

Wahenga walinena kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini. Kwetu pwani methali hii hutumiwa kumwonya mtu asijizoeshe na asiyejua mipaka, maana siku moja atamfedhehesha mbele za watu. Leo naomba ruhusa ya msomaji niitumie kwa maana nyingine iliyo karibu na hiyo. Mbwa tuliyemfuga haishii langoni. Akizuiliwa miguu, huingia kwa kinyesi chake, kwa maji tuliyomwoshea na kwa dawa tuliyompaka. Na hapa Nakuru, ninakoishi, njia ya vitu hivyo vyote ni moja, nayo huteremka ziwani.

Najua nitaulizwa: mtu wa pwani, tena aliyelelewa chuoni na ubao wa Kurani mapajani, ana lipi la kusema juu ya mbwa? Jibu langu ni kwamba analo, na huenda akawa nalo zaidi ya wengine. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi tulifundishwa tangu utotoni kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kwamba chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Wengi waliishia hapo, wakatoka na jiwe mkononi. Lakini chuoni hapo hapo tulisoma, katika Sura ya Pango, habari za vijana waliokimbilia pangoni pamoja na mbwa wao, naye akatajwa nao. Tulisoma kwamba windo la mbwa aliyefundishwa ni halali. Tukahadithiwa pia, katika hadithi za Mtume, juu ya mtu aliyemkuta mbwa akihema kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Basi elimu ile haikutufundisha kumchukia mbwa. Ilitufundisha mambo mawili: kumhurumia, na kujua uchafu wake unakwenda wapi.

Hili la pili ndilo ninaloliona limesahauliwa na pande zote mbili. Jirani yangu Mwislamu wa Bondeni humwona mbwa akakusanya kanzu yake, akapita mbali. Asilolitaka kuliona hulihesabu kuwa halipo. Rafiki yangu wa Milimani naye humpenda mbwa wake hata akamlaza sebuleni. Lakini asubuhi humtoa nje ya lango akajisaidie barabarani, kisha wakarudi ndani wote wawili, roho safi. Mmoja anachukia, mwingine anapenda, na kinyesi kimebaki pale pale kikingoja mvua.

Sasa tuitazame nchi ilivyokaa. Ziwa Nakuru huingiliwa na mito ya Njoro, Makalia na Nderit, wala hakuna hata mto mmoja utokao. Maji yake huondoka kwa kukaushwa na jua, na kila kilichoingia pamoja nayo hubaki. Mji umelala mteremkoni kati ya Menengai na ziwa, hivyo mvua ya saa moja hufagia mitaa na mitaro na kupeleka mzigo wote huko chini. Ziwa hilo ni mbuga ya taifa tangu 1968, liliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 1990, na mwaka 2011 likawa urithi wa dunia pamoja na maziwa ya Bogoria na Elementaita. Katika miaka kumi na zaidi iliyopita maji yake yamepanda, yakafunika lango la zamani la mbuga na kuwatoa watu katika nyumba zao. Na heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo, aghalabu wamehamia Bogoria. Maana yake ni kwamba ziwa limetusogelea. Safari ya uchafu wetu imekuwa fupi kuliko zamani.

Sisemi kwamba mbwa ndiye aliyeliharibu ziwa. Maji taka ya binadamu, mbolea na dawa za mashambani, na kukatwa kwa msitu wa Mau, vyote vina sehemu kubwa kuliko yake. Lakini Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, na jiji hukua kwa nyumba, na nyumba hulindwa kwa mbwa. Tuseme mbwa mmoja hutoa robo kilo ya kinyesi kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 90. Hesabu mwenyewe mbwa wa mtaa wako.

Tena kinyesi hicho si kama cha ng'ombe, ambacho mkulima hukitupa shambani akavuna. Mbwa hula nyama, na tumboni mwake mna minyoo ambayo mayai yake hukaa udongoni muda mrefu. Mtoto akicheza hapo akatia vidole kinywani, mabuu ya minyoo hiyo huweza kumfika hata machoni. Uko mnyoo mwingine ambao mayai yake humfanyia mtu malengelenge makubwa ya maji katika ini na mapafu. Turkana, kaskazini mwa bonde hili hili la Ufa, ugonjwa huo ulionekana kwa wingi usio na mfano katika sehemu nyingi za dunia. Mbwa huupata kwa kula matumbo mabichi yenye malengelenge hayo.

Basi dawa ya kwanza haihitaji duka. Chimba shimo pembeni mwa ua, mbali na kisima na mbali na bustani ya sukuma wiki. Kila siku tia kinyesi humo, funika kwa udongo, jivu au maranda ya mbao. Likijaa, lifukie uchimbe jingine. Wazungu huokota cha mbwa wao kwa mifuko ya plastiki, kisha mfuko huo hudumu kuliko huyo mbwa na bwana wake. Sisi tulipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na haifai kuirudisha kwa mlango wa nyuma kwa kisingizio cha mbwa. Gazeti la jana na sepetu vyatosha. Mwenye kuishi ghorofani asiye na ua, na apatane na majirani wawe na shimo moja la jengo zima.

La pili ni chakula. Ipo sasa fahari ya kumlisha mbwa vyakula vya pakiti vilivyosafirishwa toka ng'ambo, ilhali bucha za Nakuru zina mifupa na mabaki ambayo yakitupwa huozea jaani. Ugali uliotiwa mchuzi wa mabaki hayo, yakipikwa yakaiva sawasawa, umewalea mbwa wa nchi hii vizazi na vizazi. Kupika ni sharti kwa ajili ya ule mnyoo niliousema, na mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe kabisa maana humchoma ndani. Lakini anayemnunulia mbwa omena wazuri wa kuliwa na watu, hali jirani yake hana kitoweo, huyo namwachia dhamiri yake imwambie.

La tatu, nalo ndilo ninalotaka lishikwe kuliko yote, ni viroboto na kupe. Hapa watu hufanya mambo ya kutisha. Wako wanaompaka mbwa mwenye upele oili chafu ya gari, naye akijilamba huinywa, na akinyeshewa huimwaga ardhini. Wako wanaochota dawa ya josho la ng'ombe na kumwogesha nayo mbwa bila kipimo, kisha maji hayo wakayamwaga mtaroni. Na wenye fedha hutumia matone ya kisasa ya kutia shingoni, wakidhani kwamba kilicho ghali ni safi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walipima maji ya mito 20 ya Uingereza, wakatangaza kwamba katika sampuli 98 kwa kila 100 walikuta fipronili, dawa ya viroboto vya mbwa na paka. Na imidaklopridi, dawa ya namna hiyo hiyo ambayo Ulaya iliikataza mashambani mwaka 2018, waliikuta katika takriban theluthi mbili. Mito ile inakwenda baharini. Ziwa letu haliendi popote.

Nasi tunaagiza sumu hizo toka mbali tukiwa tumekaa juu ya dawa! Msomaji wa rika langu anajua nasema nini. Ni pareto, ua jeupe lenye kitovu cha manjano. Lililetwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1920, likapenda baridi ya Molo, Elburgon, Mau Narok na Kinangop, na ulikuwapo wakati Kenya ilitoa zaidi ya nusu ya pareto yote ya dunia, na makao ya Halmashauri ya Pareto yalikuwa hapa hapa Nakuru. Kisha wakulima wakakaa muda mrefu bila malipo, dawa za viwandani zikashuka bei, na wengi waling'oa pareto wakapanda viazi. Sasa wako wanaorudi kuipanda, nami nawaombea kheri.

Sifa ya pareto ni kwamba humwangusha mdudu upesi, kisha jua na hewa huivunja nguvu katika muda mfupi. Haikai ardhini miaka. Hilo ndilo lililowafanya watu wa viwandani kuikimbia, wakatunga sumu zinazoshabihiana nayo lakini zenye kudumu. Mimi naona kwamba kutodumu kwake ndiko wema wake. Hata hivyo haina ruhusa ya kila mahali: huua samaki na nyuki, kwa hiyo mbwa asiogeshwe nayo mtoni, wala unga wake usirushwe penye maua, na kipimo cha mbwa asipakwe paka. Muulize daktari wa mifugo akupe iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa.

Juu ya hayo, kiroboto hashindwi kwa dawa peke yake. Wengi wao, yaani mayai na mabuu, hawako mwilini mwa mbwa bali katika matandiko yake. Gunia analolalia lichemshwe na kuanikwa juani kila wiki, kibanda kifagiliwe, na chanuo lipitishwe katika manyoya. Jua la Nakuru halina ankara.

Sasa nifike kwa mbwa wasio na mwenyewe, wale wanaozunguka jaa la Gioto na nyuma ya vichinjio. Kila wakizidi, husikika sauti ya kudai watiliwe sumu. Sauti hiyo naipinga. Sumu haichagui. Mzoga wa mbwa aliyelishwa sumu huliwa na tai, na tai wa bonde hili, wanaozaa katika majabali ya Hell's Gate karibu na Naivasha, wamepungua vya kutosha. India imeonja tunda la kuwapoteza tai: katika miaka ya 1990 walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa iitwayo diklofenaki, mizoga ikabaki chakula cha mbwa, mbwa wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikazidi nao. Dawa hiyo ilipigwa marufuku huko mwaka 2006, lakini tai hawarudi kwa amri ya serikali.

Njia ya haki ni kuhasi, kuchanja na kufunika taka. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini kwetu mwaka 1912, na serikali iliweka mpango wa kukitokomeza ifikapo 2030, ambao nguzo yake ni kuchanja mbwa 70 kati ya kila 100. Wenzangu Waislamu wanaoona kwamba chanjo ya mbwa haiwahusu na wautazame mfano wa Pemba, kisiwa cha dini yetu: huko kilitokomezwa kwa chanjo, kikaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena kikatoka. Chanjo humlinda hata mnyama wa porini. Mwaka 1994 maradhi yaitwayo distempa, yanayodhaniwa kutoka kwa mbwa wa vijijini, yaliua simba wa Serengeti wapatao 1,000, yaani thuluthi moja yao. Simba wetu wa Ziwa Nakuru wanatenganishwa na mbwa wetu kwa ua wa waya tu.

Atatokea wa kusema kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi, na kwamba mtu wa Kaptembwo anayetafuta unga hana haja ya kufikiri juu ya mbwa. Lakini nitazame tena: shimo, jivu, mabaki ya bucha, jua, na ua lililoota kwetu. Hakuna hata kimoja kilicho ghali kuliko kile tunachokitumia sasa, na watoto wanaocheza katika udongo wenye kinyesi ni wa huyo huyo wa Kaptembwo kabla ya kuwa wa Milimani. Palipo na gharama, kama kuhasi na kuchanja, pana mwenye wajibu: Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni za mbwa na kuweka mahali pa kuwatunza na kuwazika wanyama. Kaunti ya Nakuru na iulizwe kiko wapi kituo hicho, na ada ya leseni inafanya kazi gani.

Nasi tusingoje jawabu ndipo tushike sepetu. Anayemwona mbwa kuwa najisi ana sababu ya kufukia, na anayemwona kuwa rafiki anayo sababu hiyo hiyo, maana aibu ya rafiki hufunikwa. Mvua za masika hazimuulizi mtu dini yake. Zikija, hukichukua kilichoachwa.