Maongezi ya Jamaa: Mbwa Mkali na Mbwa Mwema

Huku kwetu Uvira, toka Kavimvira hata Kalundu, na katika uwanda wote wa Ruzizi, mwenye mbuzi au duka hutaka mbwa. Akiulizwa ataka mbwa wa namna gani, mara nyingi hujibu neno moja: "Mkali." Ndiyo sababu wengine hutafuta dume kubwa la Kizungu ili limpande jike wao wa kienyeji, wakitumaini kupata watoto wenye nguvu ya baba na uvumilivu wa mama. Leo twapenda kulipima jambo hilo.

Kwanza, tusimdharau mbwa wa kwetu. Yule mbwa wa Congo aitwaye Ulaya basenji alipewa jina lililo ndugu wa tusi letu, mshenzi. Habweki kama wenzake. Kwa hiyo wawindaji humfunga njuga shingoni wapate kujua alipo msituni. Mwaka 1937 mbwa hao walionyeshwa Uingereza, watu wakawastaajabia. Walakini waliopelekwa ng'ambo walikuwa wachache, wakazaana wao kwa wao, na maradhi ya damu na ya figo yakaonekana katika uzao wao. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walikuja nchini mwetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, kutafuta damu mpya. Basi usimpandishe mbwa na ndugu yake wala na mzazi wake.

Fundisho la pili latoka kwa watawa. Katika milima ya Alps, kwenye njia ya Great St Bernard, mapadre walifuga mbwa wa kuwaokoa wasafiri waliopotea thelujini. Mmoja wao, Barry, aliyekufa mwaka 1814, yasemekana aliokoa watu zaidi ya 40. Katika karne ya 19 mbwa wao walichanganywa na mbwa wakubwa wa Newfoundland, wenye manyoya marefu. Watoto walikuwa na nguvu, lakini barafu iliganda katika manyoya yao, ikawalemea, wasiifae kazi ile. Nasi vivyo hivyo: mbwa wa manyoya mazito atahema kutwa nzima katika joto la ufuko wa Tanganyika.

Tabia nayo hurithiwa, lakini haigawanyiki kama apendavyo mwenye mbwa. Katika uzao mmoja, huyu huchukua ukali wa baba, yule woga wa mama, na mwingine yote mawili. Huyo wa mwisho ni wa kuogopwa sana, maana mbwa mwoga huweza kuuma ghafula. Tena kazi zapingana: mbwa wa kuwinda hufukuza kila kikimbiacho, na mlinzi wa mbuzi hana ruhusa ya kumfukuza hata mwana-mbuzi. Asiyebweka afaa porini, lakini mwizi akija usiku hatakuamsha. Chagua kazi moja, kisha watazame wazazi wote wawili. Je, jike hutulia watoto wa shule wapitapo? Je, dume humtii bwana wake? Kama sivyo, usiwapandishe.

Malezi nayo yana sehemu yake. Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya majuma 8. Na tangu juma la 3 hata la 12 azoezwe watu, mbuzi na kuku. Afungwaye mnyororo na kupigwa ili awe mkali, huenda atakayemwuma kwanza ni mtoto wa jirani.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Kichaa cha mbwa, dalili zikiisha kutokea kwa mtu, hakina dawa. Kila mbwa na achanjwe. Aliyeumwa, jeraha lake lioshwe papo hapo kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akapate sindano, hata kama mbwa aonekana mzima. Wazazi, msianzie kwa mganga wa kienyeji.

Katika Kitabu cha Tobiti twasoma kwamba kijana Tobia aliposafiri pamoja na Malaika Rafaeli, mbwa alifuatana nao. Hatuambiwi ukubwa wake wala ukali wake. Twaambiwa alikwenda nao, na waliporudi alikuwa angali nyuma yao. Mbwa wa namna hiyo na tumtafute.