Baiskeli ya shokapu si baiskeli ya mkulima

Leo siandiki kuhusu mbegu wala viwavijeshi. Naandika kuhusu baiskeli, na nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu fedha zinazopotea hapa ni zile zile ambazo zingenunua mbolea.

Hoja yangu ni hii. Ile baiskeli ya bei nafuu yenye shokapu mbele na nyuma, inayouzwa mpya kwenye boksi huko mjini au inayoshushwa kwenye kontena la mitumba, haifai kazi ya shamba. Kama hujanunua, usinunue. Kama unayo na shokapu imekufa, acha kuzunguka nchi nzima kutafuta shokapu nyingine kama ile. Mara nyingi haipo, na hata ikipatikana utarudi pale pale baada ya miezi michache.

Kwa nini afisa ugani anaongelea baiskeli

Wapo watakaosema nibaki na jembe. Nawajibu kwamba kwa mwenye heka mbili, baiskeli ndiyo lori lake. Ndiyo inabeba mfuko wa mbolea wa kilo 50 kutoka kwa wakala, madebe ya mahindi kwenda mashineni na matenga ya nyanya kwenda gulioni. Maziwa ya asubuhi yasiyopoozwa yanatakiwa yafike kituo cha kukusanyia ndani ya saa mbili au tatu. Baiskeli ikilala, na maziwa yanalala.

Tuchukulie unapeleka lita 15 kila asubuhi kwa shilingi 1,000 kwa lita. Ukikaa siku 4 ukisubiri spea, shilingi 60,000 zimepita, na hapo hujahesabu nauli ya kwenda mjini, spea yenyewe wala ufundi. Weka bei ya kwenu na lita zako uone jibu. Baada ya hapo niambie kama baiskeli ile ilikuwa rahisi.

Shokapu ile ilitengenezwa kwa ajili ya nani

Baiskeli hizi zilibuniwa kwa ajili ya maduka makubwa ya Ulaya na Marekani, yale yanayouza sufuria, viatu na luninga chini ya paa moja. Mnunuzi wake ni mzazi anayetafuta zawadi ya mtoto, au mtu anayetaka kuzunguka kwenye lami siku ya Jumamosi. Shokapu imewekwa ili baiskeli ifanane na zile za mashindano ya milimani ambazo bei yake ni mara nyingi zaidi.

Fungua foki yake uone. Ndani kuna springi, pengine na kipande cha mpira, basi. Hakuna mafuta ya kutuliza mdundo kama kwenye shokapu ya pikipiki. Bushi ni za plastiki. Baadhi ya baiskeli hizi zina hata stika kwenye fremu inayosema zisitumike nje ya barabara ya kawaida. Yaani ina sura ya baiskeli ya milimani, lakini milima imekatazwa.

Angalia na uzito. Vijitabu vya baiskeli nyingi za aina hii huweka ukomo wa kama kilo 100 hadi 120, mpanda na mzigo kwa pamoja. Mtu wa kilo 65 na mfuko mmoja wa mbolea tayari ni kilo 115. Sasa weka na debe juu.

Halafu kuna suala la keria. Kwenye baiskeli yenye shokapu ya nyuma, gurudumu linapanda na kushuka peke yake, mbali na fremu ya mbele. Keria ya kawaida, inayoshikwa chini kwenye ekseli na juu kwenye fremu, haina pa kukaa. Zinazouzwa kwa ajili yake hubanwa kwenye bomba la tandiko tu, na nyingi zimeandikwa kilo 10. Hiyo ni mizani ya mkoba wa shule.

Kwa nini spea haipatikani

Wengi wanadhani wauza spea wa mjini ni wavivu. Hapana. Tatizo lilianzia kiwandani.

Baiskeli ya kazi, ile Foneksi ya Shanghai au Hero na Avon za Ludhiana kule India, imebaki na umbo lile lile kwa miongo mingi. Gurudumu ni 28 kwa 1½, breki ni za vyuma, foki ni ngumu isiyo na springi. Spea ya moja mara nyingi inavaa kwenye nyingine, na ndiyo maana muuza duka wa gulioni anaweza kuweka boksi la gololi, koni na ekseli akajua zitauzwa.

Baiskeli ya shokapu ya bei nafuu haina utaratibu huo. Mzigo wa mwaka huu unakuja na shokapu ya urefu huu, wa mwaka ujao unakuja na nyingine. Shokapu ya nyuma inaweza kuwa na milimita 125, 150, 165 au 190, na kila moja ina upana wake wa bushi na ugumu wake wa springi. Shingo ya foki inaweza kuwa na kipenyo cha inchi moja au inchi moja na moja ya nane, yenye meno ya nati au isiyo na meno, ndefu au fupi. Hakuna muuza duka wa kijijini atakayeweka fedha yake kwenye mchanganyiko huo.

Huko zilikotoka wenyewe hawahangaiki. Foki mpya na ufundi wake vinakaribia bei ya baiskeli nzima, kwa hiyo huitupa na kununua nyingine. Nyingi tunazopokea kwenye mitumba ni hizo zilizotupwa. Tunanunua mwisho wa maisha ya kitu, halafu tunashangaa kwamba kimekufa.

Majibu kwa watetezi wake

"Barabara zetu ni mbovu, shokapu inasaidia." Inasaidia siku za mwanzo na bila mzigo. Ukiibebesha, springi inajikunja hadi mwisho na inabaki hapo, kwa hiyo unaendesha baiskeli ngumu yenye uzito wa bure. Bushi za plastiki zikishalika, gurudumu la nyuma linayumba, linagusa fremu, na spoku zinaanza kukatika. Kwenye mlima, sehemu ya nguvu ya miguu yako inaishia kuminya springi. Kinachosaidia kwenye barabara mbovu ni tairi pana lenye upepo wa kutosha na tandiko zuri la springi. Vyote viwili vinapatikana gulioni.

"Fundi wetu anaweza kuchomelea." Fundi wetu ni hodari, simdharau. Lakini kuchomelea nondo kwenye miguu ya foki ni kucheza na maisha ya mtu. Miguu ile ya chini mara nyingi ni ya aloi au bomba jembamba, na joto linaiharibu. Foki ikikatika kwenye mteremko, mpanda anatangulia kwa uso.

"Vijana hawataki Foneksi, ni nzito na haina gia." Hapa nawapa haki yao. Gia ni jambo jema, hasa sehemu za miinuko. Lakini gia na shokapu ni vitu viwili tofauti. Tafuta baiskeli ya gia ya inchi 26 yenye foki ngumu na fremu ya chuma isiyo na jointi nyuma. Zimo kwenye mitumba hiyo hiyo, na mara nyingi bei yake iko chini kwa sababu hazivutii macho. Acha wengine wagombanie springi.

Kama tayari unayo

Usiitupe leo. Fuata hatua hizi.

1. Kagua kwanza. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mlio wa kugonga, angalia kama unatoka kwenye shingo au kwenye miguu ya foki. Ukiwa kwenye shingo, kaza au badilisha gololi, na pengine foki haina tatizo.

2. Kama foki imekwama tu, isafishe. Nyingi za bei nafuu zinafunguliwa kwa kofia ya juu na bolti ya chini ya kila mguu. Toa springi, futa kutu na tope, kausha, paka grisi kidogo, rudisha. Usisafishe vipande vya mpira kwa petroli, vitaharibika.

3. Kama bushi zimelika au miguu imepinda, weka foki ngumu. Foki ngumu ya inchi 26 inapatikana kwa urahisi kuliko shokapu. Nenda sokoni na foki ya zamani mkononi. Kama huwezi, chukua vipimo vinne: kipenyo cha shingo, urefu wa shingo, kama ina meno au haina, na aina ya breki. Kama breki yako ni ya V, foki mpya lazima iwe na vishikio vyake. Foki ya Foneksi usiilazimishe, ni ya gurudumu la 28.

4. Angalia urefu. Foki ngumu ya kawaida huwa fupi kuliko ya shokapu, pengine kwa sentimita 4 au 5. Mbele itashuka na usukani utakuwa mwepesi kuyumba. Ukipata mbili, chagua ndefu. Wiki ya kwanza endesha bila mzigo mpaka mkono uzoee.

5. Shokapu ya nyuma, kama bado unaitaka. Pima kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, kwa milimita, bila mtu kukalia. Pima upana wa bushi na unene wa bolti. Soma namba kwenye springi. Ikiandikwa 750, maana yake inahitaji ratili 750, kama kilo 340, kuminywa inchi moja. Usichukue yenye namba ndogo kuliko hiyo. Usichukue fupi, gurudumu litagonga fremu. Pima mwenyewe, usipime kwa macho wala kwa simulizi ya simu.

6. Kipande cha chuma badala ya shokapu ya nyuma. Mafundi wengi hukata bapa la chuma na kutoboa matundu mawili. Kwa kurudi nyumbani bila mzigo, sawa. Kwa kubebea gunia, hapana. Fremu ile haikuundwa kupokea mshtuko mzima, na itapasuka kwenye jointi.

7. Kama nyuma imekufa, jumlisha gharama. Shokapu, bushi za jointi, nauli mbili na ufundi. Zikifika nusu ya bei ya baiskeli ya kazi, uza magurudumu, gia, breki na pedali kama spea, kisha anza kuweka akiba ya nyingine. Vitu hivyo vina wanunuzi.

Kwa wafanyabiashara na viongozi wa vikundi

Wewe mfanyabiashara unayeleta baiskeli kumi za shokapu kijijini, ukiambiwa "spea je?" unajibu "zipo mjini". Mjini wapi? Duka gani? Kariakoo ni kubwa, na mtu anayetumwa huko bila kipimo anarudi na kitu kisichovaa. Kama una imani na bidhaa yako, kila baiskeli kumi leta na foki mbili na bushi zake. Kama huwezi, leta za foki ngumu. Mteja wako ni jirani yako. Utakutana naye msibani na kwenye harusi, na atakuwa anatembea kwa miguu.

Na ukizifungua kwenye boksi, zifunge vizuri. Breki za V za mbele zinatakiwa zikae mbele ya foki. Ukiziona ziko nyuma, foki imefungwa kinyume, na baiskeli hiyo ni ya hatari kabla hata haijauzwa.

Ninyi viongozi wa vikundi na AMCOS, fedha ya wanachama isinunue sura. Kabla ya kusaini, fanyeni kipimo cha gulio. Tembeeni gulio lenu la karibu na mtafute vitu vitano vya baiskeli hiyo: tairi, tyubu, foki, gololi na koni zake, na raba za breki. Vikikosekana viwili, msinunue. Muuzaji akileta maneno mengi, mwambieni avilete yeye kwanza, muvione, ndipo muongelee bei.

Tumezoea kuuliza swali moja dukani: bei gani? Swali hilo ni la pili. La kwanza ni: kikiharibika, nitakipeleka wapi na spea itatoka wapi? Tunauliza hivyo tukinunua pampu ya kupulizia dawa. Tunauliza hivyo tukinunua mashine ya kusaga. Baiskeli inafanya kazi kila siku kuliko hizo zote, na inastahili swali hilo hilo.

Rahisi ghali, wazee walishasema. Msimu wa mavuno unakuja, na mahindi hayatasubiri shokapu itoke mjini.