Neno la Mhariri: Anayeuza Auze na Spea

Mijadala ya taka za kielektroniki ina tabia moja inayochosha: huanzia jalalani. Wataalamu hukutana, hutaja tani milioni 62 zilizozalishwa duniani mwaka 2022, hukumbushana kwamba asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa, na kwamba Afrika kiwango hicho hakifiki hata asilimia 1. Baada ya hapo huomba mapipa na kiwanda. Mwenye duka, aliyeiuza bidhaa yenyewe, hatajwi. Toleo hili linaanza naye, na linaanzia Ziba.

Ziba, wilayani Igunga mkoani Tabora, iko mbali na bandari na mbali na kiwanda chochote cha kurejeleza. Bidhaa zinaifikia kutoka pwani, kama zilivyofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, katika karne ya 19, wakati wapagazi wa Kinyamwezi walipopandisha vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba kutoka Bagamoyo. Leo lori linashusha sabufa, paneli za sola, flati na simu za batani. Zikiharibika hazirudi zilikotoka. Zinabaki uani, zinatupwa shimoni, au zinauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa skrepa. Ndiyo maana hapa swali la kwanza ni kifaa kitadumu miaka mingapi. Kiwanda kinaweza kuja baadaye.

Tazama kaunta yoyote ya Ziba baada ya mavuno. Mkulima ameuza mpunga, anataka sabufa. Muuzaji anaichomeka, anapandisha sauti mpaka rafu zinatetemeka, anachomoa, anairudisha kwenye boksi. Chini ya risiti kuna maneno yaliyochapwa tayari: mali ikishauzwa hairudishwi. Siku umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu, transfoma inaungua. Mkulima hamfuati muuzaji, maana risiti imeshamjibu. Anakwenda barazani kwa fundi mwenye multimita, risasi ya kulehemu na ndoo ya bodi zilizokufa. Humo fundi anatafuta transfoma ya sabufa nyingine inayolingana. Akiikosa, kazi imeishia hapo, ingawa spika, boksi na rimoti vyote ni vizima.

Transfoma ile ingeweza kuja na lori lile lile. Haiji kwa sababu hakuna aliyeiagiza, na muuzaji hana cha kumsukuma kuiagiza kwa kuwa fedha yake yote ameshaiweka mfukoni. Hiyo ndiyo hoja ambayo gazeti hili linaibeba: duka hurefusha maisha ya bidhaa pale mapato yake yanapotegemea bidhaa hiyo iendelee kufanya kazi.

Ushahidi upo, na umetoka humu humu Afrika Mashariki. M-KOPA ilipoanza kuuza sola Kenya mwaka 2012, Off Grid Electric ilipoanzia Arusha, na Mobisol ya Berlin ilipoingia Tanzania na Rwanda, zote zilikubali kulipwa kidogo kidogo kwa simu. Mteja asipolipa, mtambo unajifunga. Kelele nyingi zilipigwa juu ya kufungiwa huko, na zilistahili kupigwa. Lakini upande wa pili haukupewa uzito wake: mteja ambaye taa haiwaki haendelei kulipa. Kwa hiyo kampuni zililazimika kuwa na mafundi wa vijijini, namba ya kupokea malalamiko na akiba ya betri. Mobisol iliahidi matengenezo ya bure kwa miaka yote 3 ya malipo. Ahadi ya namna hiyo ni nadra kwenye kaunta ya fedha taslimu.

Mwaka 2019 Mobisol iliingia katika ufilisi, ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Wapo wanaolitumia tukio hilo kuonyesha kwamba mpango mzima ulikuwa ndoto. Hilo si sahihi. Linachoonyesha ni hatari ya matengenezo kushikwa na mkono mmoja. Pale plagi inapokuwa ya kipekee na betri imefungiwa ndani ya kasha lisilofunguka, fundi wa Ziba hana pa kuingilia, na mtambo ulio mzima kwa sehemu kubwa unategemea uhai wa kampuni iliyo mbali. Malipo ya awamu yanampa muuzaji sababu ya kutengeneza. Spea zilizo wazi kwa kila fundi ndizo zinazolinda kifaa muuzaji akiondoka.

Makala ndefu kuliko zote katika toleo hili inatetea vituo rasmi vya matengenezo, ikitumia mfano wa Carlcare inayohudumia Tecno, Infinix na itel. Ni makala nzuri, na vituo hivyo vinafanya kazi ya kweli. Tatizo ni nauli. Mwenye simu ya batani akitoka Ziba kwenda mjini na kurudi, nauli inakula sehemu kubwa ya bei ya simu, na dhamana yake inabaki karatasi. Dhamana inapaswa kutimizwa kwenye duka lililouza: mwenye duka apokee simu, ampe fundi wa barazani abadilishe sistimu chaji, kisha adai spea kwa muuzaji wa jumla wa Kariakoo. Wanaomwita fundi huyo mharibifu wajiulize kwanza ni nani aliyewahi kumuuzia spea halisi.

Betri zinahitaji ukali zaidi. Betri ya gari, yenye risasi ndani, imeundwa kuwasha injini. Ikifungwa kwenye sola na kukamuliwa kila usiku, inakufa mapema. Muuzaji anayeuliza taa ni ngapi na runinga inawashwa saa ngapi, halafu akakataa kuuza betri bila chaja kontrola, ameokoa risasi nyingi kuliko semina nyingi. Na ile iliyokufa ailipie, kwa kuipunguza kwenye bei ya mpya. Owino Uhuru, Mombasa, inaonyesha betri zinapoishia zikikosa mlinzi: kiwanda cha kuyeyusha risasi kilitia sumu wakazi, mwanaharakati Phyllis Omido akapigana, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Msomaji atakuta pia makala kuhusu mamlaka ya mawasiliano nchini, TCRA, kuzima simu bandia Juni 2016, nyingine kuhusu WEEE Centre, kituo cha taka za kielektroniki cha Nairobi, na tathmini fupi ya sheria ya Ulaya ya 2024 juu ya haki ya kutengenezewa. Kanuni zetu za 2021 za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki zimechambuliwa vizuri, ingawa uchambuzi huo nao unatumia kurasa nyingi kwa wakusanyaji na chache mno kwa wauzaji.

Njia ya kuanzia ipo tayari. Halmashauri hutoa leseni za biashara. Halmashauri ya Igunga inaweza kuanza na maduka ya sola, simu na sabufa: kila moja liwe na spea za hitilafu zinazojirudia zaidi katika bidhaa linazouza, lipokee betri zilizokufa, na liandike kwenye risiti jina la fundi atakayeshughulikia bidhaa hiyo, mahali palipokuwa na maneno kwamba hairudishwi.