Kindu: Povu mingi si alama ya pombe mupya

Katika buvette za Kindu, chupa ikifunguliwa na povu ikaruka mpaka kwenye meza, watu wengi wanasema: "Hii ni mupya!" Lakini gesi na upya ni vitu viwili tofauti. Mnunuzi asiyejua hilo anaweza kulipa bei kubwa kwa pombe iliyozeeka.

Povu inatoka kwa gesi ya kaboni. Pombe ikiwa baridi, gesi inatulia ndani. Kwenye digrii 30, kinywaji kinashika chini ya nusu ya gesi kinayoshika kwenye digrii 5. Kwa hiyo chupa iliyokaa kwenye jua inaruka povu juu ya joto tu. Tena kizibo kikifunga vizuri, gesi inabaki miezi mingi, hata kama ladha imekwisha kuharibika.

Pombe ya ngano ya Ujerumani inaonyesha jambo hili wazi. Pombe ya kawaida ina karibu gramu 5 za gesi kwa litre. Ile ya ngano mara nyingi inafika gramu 6 mpaka 8. Povu yake ni mingi tangu kiwandani, ikiwa mupya ao ya zamani. Na ule ukungu ndani ya chupa si uchafu: ni chachu iliyoachwa humo kwa makusudi.

Kinachozeesha pombe ni oksijeni kidogo iliyoingia wakati wa kujaza chupa, pamoja na siku na joto. Joto likipanda, kazi hiyo inaenda mbio, na pombe inaanza kuwa na ladha ya karto. Mwangaza wa jua nao unaharibu, zaidi kwenye chupa ya kijani; ile ya kahawia inakinga vizuri.

Hapo ndipo Maniema inaumia. Chupa ya Ulaya inavuka bahari, halafu inangojea barabara, treni ao mto. Kwa njia ya Kisangani, kuna reli ya kilometa 125 mpaka Ubundu, kisha mashua juu ya Lualaba, karibu kilometa 300. Kila kupakia na kupakua ni siku ingine kwenye joto. Vita navyo vimeongeza mzigo: mwezi wa 6 mwaka 2025, kampuni Heineken, iliyokuwa na Bralima wakati ule, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa shughuli zake Goma na Bukavu. Kiwanda cha jirani kikisimama, pombe ya mbali ndiyo inatafutwa.

Mwenye depo hawezi kufupisha njia. Lakini anaweza kuweka kasiye kwenye kivuli, na kuuza kwanza zile zilizotangulia kuingia. Mnunuzi naye asome tarehe kwenye chupa mbele ya kizibo kutoka. Kikisha kutoka, hasara ni yake peke yake.